Mafundi wa intaneti mnatufungia ruta zikiwa wazi, halafu lawama mnatutupia wateja

Wakuu, nina hasira na leo sitamung'unya maneno.

Kila ikifika usiku intaneti ya nyumbani kwangu inakuwa nzito, video inazunguka tu. Nikipiga simu huduma kwa wateja naambiwa nibadilishe nywila ya Wi-Fi. Nabadilisha, mambo yanakaa sawa kwa muda, kisha yanarudi vilevile. Nikipiga tena naulizwa kwa sauti ya kunisuta: "Una uhakika hujampa jirani?" Sijampa mtu! Hata wanangu hawaijui, naiingiza mwenyewe kwenye simu zao.

Ikabidi nichimbe mwenyewe. Nikaandika 192.168.1.1 kwenye brauza, ukaja ukurasa wa mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani. Jina: admin. Nywila: admin. Ukafunguka! Fundi aliyekuja kufunga hakugusa chochote, aliona taa zinawaka akaondoka. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Simu zetu zipo, laptopu ipo, halafu kuna simu nisizozijua na runinga moja. Runinga ya hapa ndani ni ya zamani, haina Wi-Fi kabisa. Kwa hiyo kuna mtu amekaa sebuleni kwake anatazama filamu kwa intaneti ninayoilipia mimi.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonichoma zaidi. Kwenye mipangilio kuna kitu kinaitwa WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwenye Wi-Fi bila kuandika nywila, na kilikuwa kimewashwa pamoja na PIN yake. Hii PIN ni tarakimu 8, imechapwa kwenye stika chini ya ruta, na UKIBADILISHA NYWILA YENYEWE HAIBADILIKI. Aliyeipata mara moja anaiuliza ruta nywila mpya na ruta inampa. Ningebadilisha nywila kila asubuhi hadi nizeeke, angerudi tu.

Na kuipata si kazi. Mwishoni mwa 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha udhaifu wake hadharani. Mtu anadhani tarakimu 8 ni michanganyiko milioni 100. Wapi! Ruta inakagua tarakimu 4 za mwanzo peke yake na kumjulisha anayebahatisha kama amepatia. Hapo ni majaribio 10,000. Zinabaki 4, na ya mwisho inakokotolewa kutokana na zile nyingine, kwa hiyo ni majaribio 1,000 tu. Jumla 11,000, na kompyuta inayamaliza kwa saa chache. Ruta za baadaye nyingi ziliwekewa kizuizi, ukikosea mara kadhaa inajifunga. Hii niliyoletewa haina hata hicho. Jambo linajulikana tangu 2011, na bado mtu analipwa kuja kunifungia mlango wa namna hii nyumbani!

Msinijie na ushauri wa kuficha jina la mtandao au kuruhusu anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) zilizosajiliwa tu. Jina linasikika hewani kila simu inapojiunga, na anwani ya MAC inasafiri bila kufichwa, mtu anainakili akajifanya ni simu yako.

Wanaosema "ni intaneti tu, acha uchoyo" hawajui wanachosema. Mgeni akifanya uhalifu kupitia ruta yako, anwani inayoonekana huko nje ni yako, na kwenye rekodi za kampuni jina ni lako. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Ujerumani, BGH, ilitoa hukumu kwenye kesi ya mtu ambaye Wi-Fi yake ilitumika kusambaza wimbo akiwa likizo, mbali na nyumbani. Haikumtoza fidia, lakini ilisema alipaswa kuilinda kwa nywila yake mwenyewe badala ya kuiacha ile ya kiwandani. Mzigo ukamwangukia mwenye nyumba. Uingereza angalau wamewageukia wauzaji: tangu tarehe 29 Aprili 2024 ni marufuku kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye nywila moja ya kiwandani inayofanana kwa wote. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nimezima WPS, nimebadilisha nywila ya admin, ulinzi wa Wi-Fi nimeuweka WPA2 yenye usimbaji wa AES kwa kuwa WPA3, ulinzi mpya zaidi, haimo kwenye ruta hii, na nywila sasa ni sentensi ndefu. Ile runinga haijaonekana tena. Kazi hiyo fundi angeimaliza kabla hajafunga begi lake. Ninachotaka kampuni ifanye ni hiki: fundi asiondoke kabla ya kuzima WPS na kubadilisha nywila ya admin mbele ya mteja, na anayepokea simu aulize habari ya WPS kabla hajanituhumu kugawa nywila.

Wenye ruta za kufungiwa na kampuni, ingieni leo mtazame hicho kipengele, mniambie nani amekikuta kimezimwa. Na kama kuna mtu amekizima kikajiwasha tena baada ya ruta kuzimwa na kuwashwa, aandike hapa aina ya ruta yake.