Ushauri: Lubugo ya bibi, tuikate kwa ajili ya sendoff au tuiache?

Binti_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa Wahaya mlioko humu na mafundi cherehani.

Bibi yetu mzaa mama alipoolewa alivuka na meli kutoka Bukoba kuja Mwanza, na kwenye sanduku lake kulikuwa na lubugo, ile nguo ya gome la mti. Sasa mdogo wangu anaolewa, sendoff ni mwezi ujao. Binamu zangu wanataka ikatwe: akina mama wote wafunge mkanda wa lubugo kiunoni, bibi harusi ashonewe kikoti. Mama kanyamaza. Mama mkubwa ndiye kawaka, anasema lubugo ni ya kuzikia, ukiipeleka kwenye sherehe umeita msiba.

Nguo imekakamaa kwenye mikunjo na pembe moja ina ukungu. Nifanyeje?

Fundi_Makoroboi
Dada, mimi hela naipenda, ila hiyo kazi ningekataa. Lubugo haikufumwa, haina uzi wa kushikilia mshono. Kwenye gome kuukuu sindano inaacha vitundu vimefuatana, ukivuta kidogo tu inachanika hapo hapo. Na hao akina mama wataingia kucheza na zawadi, unadhani mkanda utafika saa nne usiku?

Kijana_wa_Igoma
Binamu wanataka picha za Instagram hao. Wapeni vitenge.

Mwana_Kanyigo
Mfikishie mama mkubwa shikamoo yangu. Ya kuzikia ni kweli, wazee walizikwa nayo. Lakini jirani zetu Baganda wanamvika nayo Kabaka, mfalme wao, siku ya kutawazwa, Kabaka Mutebi alivishwa mwaka 1993 na watu wakashangilia. Kabla kaniki na marekani (vitambaa vya pamba vya dukani) hazijaenea, hiyo ndiyo ilikuwa nguo yenyewe, ya raha na ya shida.

Binamu zako wangeona inavyotengenezwa wasingeshika mkasi. Gome linabanduliwa kwenye mtoma (Baganda wanauita mutuba), shina linafungwa majani ya mgomba ili liote gome jipya. Lile lililobanduliwa linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, linalainika na kutanuka mpaka linakuwa shuka, halafu linaanikwa juani na kupata ile rangi ya udongo. Ufundi huo wa Uganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na upande wa Masaka bado wanaponda. Vukia Mutukula au agiza kwa mtu, mikanda na kikoti vitoke kwenye mpya. Ya bibi itandazwe nzima ukutani nyuma ya maharusi, bila misumari.

Mama_Sanduku
Hapo kwenye kutandaza nakazia. Isitundikwe kwa pembe mbili, uzito wake wenyewe utaichana. Ining'inizwe kwenye fito ndefu iliyozungushiwa kitambaa.

Ukungu usiuoshe! Maji na sabuni vitaimaliza. Itandaze kivulini penye upepo, ikikauka kabisa pangusa taratibu kwa brashi laini, na ufunge kitambaa puani maana lile vumbi si zuri. Pasi usiiguse. Baada ya sherehe usiikunje tena, izungushe kwenye lile bomba la boksi linalobaki jora la kitambaa likiisha (waombe wauza vitambaa), ifunike kwa marekani iliyofuliwa. Mfuko wa nailoni kwa unyevu wetu huu wa ziwani ni kuualika ukungu urudi.

Binti_Nyegezi
Asanteni sana. Nimemsomea mama, kacheka hapo kwa Kabaka. Ndiyo akaniambia bibi mwenyewe aliivaa siku alipoagwa kwao, mama mkubwa anajua ila hasemi. Kwa hiyo hatukati. @Mwana_Kanyigo hiyo mpya naagiza kwa mita?

Mwana_Kanyigo
Kwa kipande, na vipande havilingani, kila mti una upana wake. Pima viuno vyote kwanza ndio uagize. Cha mama mkubwa pia kipime, hata akigoma.