UZI: Acheni kubandika "shule 3 kati ya 10" kama mmeshindwa kusoma takwimu zake

Wakuu, salamu baadaye. Kila msimu wa kuhama nyumba, magrupu ya wazazi Waswahili huku Marekani yanajaa picha ile ile: jina la shule ya msingi ya serikali, duara jekundu, na 3 kati ya 10, alama ya tovuti zinazokadiria shule. Chini yake mtu kaandika "kimbieni, hapo wamejaa wakimbizi." Dalali wa nyumba naye hapo hapo anadakia na mtaa wa bei juu.

Hiyo 3 mnajua imepikwaje? Sehemu yake inatokana na asilimia ya waliofaulu mtihani wa jimbo. Sheria ya shirikisho inataka kusoma na hisabati vipimwe kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Kwa hiyo shule ya chekechea mpaka darasa la tano inahukumiwa kwa madarasa matatu tu; chekechea, la kwanza na la pili hawamo kabisa. Darasa likiwa na watoto 60, watatu wakiteleza asilimia imeshuka pointi 5. Watatu! Halafu mtu anaandika "shule imeporomoka."

Sasa njooni kwenye uchafu wenyewe. Chukua shule mbili za mfano, kila moja imepima watoto 100. Ya kwanza ina wanaojifunza Kiingereza 20, wamefaulu 6. Wengine 80, wamefaulu 56. Jumla 62. Ya pili ina wanaojifunza Kiingereza 70, wamefaulu 28. Wengine 30, wamefaulu 24. Jumla 52. Mtaa mzima utaikimbilia ya kwanza. Lakini gawanya: wanaojifunza Kiingereza ni asilimia 30 kwa 40, wengine ni 70 kwa 80. Shule ya pili imeshinda kwa kila kundi, na bado inaitwa mbovu, kwa sababu tu ya nani anaingia getini asubuhi. Wastani haujadanganya, aliyeusoma ndiye kajidanganya.

Na hilo kundi la wanaojifunza Kiingereza ni ndoo yenye tundu. Mtoto akifikia kiwango cha lugha anatolewa kundini, na wageni wa wiki iliyopita wanamiminwa humo. Kundi ambalo ukijua unaondolewa, litaonekana linajua lini? Majimbo yanaruhusiwa kuendelea kuwahesabu waliotoka hadi miaka 4, mengine hayafanyi hivyo, kwa hiyo kulinganisha jimbo na jimbo ni kupoteza muda. Mgeni aliyemaliza chini ya miezi 12 nchini anaweza kusamehewa mtihani mmoja wa kusoma, lakini hisabati anafanya, na maswali ya hisabati siku hizi ni insha tupu. Kinachopaswa kusomwa kwenye ripoti ya shule ni mstari wa maendeleo ya Kiingereza, ambao sheria inataka uripotiwe peke yake. Ni wangapi wamepanda kama walivyotarajiwa? Hapo ndipo kazi ya mwalimu inaonekana.

Umaskini nao mnausoma kwa chakula cha shule, yaani asilimia ya watoto wanaokula bure au kwa punguzo. Zamani ilieleweka: kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini, bure, mpaka 185, bei ya punguzo. Tangu 2014 shule yenye watoto wa kutosha ambao tayari wametambuliwa kupitia misaada mingine ya serikali inaruhusiwa kulisha wote bure bila fomu. Kiwango kilikuwa asilimia 40, mwaka 2023 kikashushwa hadi 25. Matokeo yake, kuna sehemu shule inaandikwa "maskini asilimia 100" wakati watoto wa mainjinia wanakula humo humo. Kwingine wanahesabiwa wenye misaada tu, na familia iliyoogopa kuomba haionekani. (Mkiletewa fomu ya kipato kwa jina lolote, jazeni. Kuna fedha za shule zinazoifuata.)

Asili ndiyo inachekesha zaidi. Mtoto wa Kivu aliyefika juzi bila kushika kalamu na mtoto ambaye vizazi vyake sita vimezaliwa Georgia wanawekewa tiki sanduku moja, "Mweusi". Kisha tunabishana kwa nini "Weusi" wa shule ile wameshuka. Mzazi ukiacha wazi, mtumishi wa shule anaruhusiwa kumtazama mtoto na kukujazia. Ndiyo, kwa macho.

Kwa hiyo kabla ya kutisha watu, fungua ripoti rasmi ya shule kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Tafuta idadi ya waliopimwa kwanza. Ukikuta nyota badala ya namba, kundi ni dogo na limefichwa kulinda watoto. Si hila ya mkuu wa shule. Halafu linganisha kundi la mtoto wako na kundi hilo hilo jimbo zima, usilinganishe na shule ya mtaa wa mabwawa ya kuogelea. Tafuta ukuaji, yaani watoto wamepanda kiasi gani wakilinganishwa na wenzao walioanza na alama kama zao: ukiripotiwa kwa mizani ya 1 hadi 99, 50 ndiyo katikati. Hesabu hiyo inahitaji matokeo ya mwaka uliopita, hivyo kwa kawaida darasa la tatu halimo na imebaki la nne na la tano. Angalia miaka mitatu, si mmoja.

Utoro sugu usiuruke. Ni kukosa asilimia 10 ya siku, yaani 18 katika mwaka wa siku 180, na ruhusa ya ugonjwa inahesabiwa pia. Ni siku mbili tu kwa mwezi. Shule yenye ukuaji wa 60 na utoro wa asilimia 35 ina walimu hodari na basi lisilofika. Hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa na yanapelekwa kwa watu tofauti.

Atakayebandika 3 yake tena humu aje na idadi ya waliopimwa, ukuaji, na kundi kwa kundi. Akishindwa, afute.