Mjadala: Aliyeuliwa mwanawe apewe kalamu ya kutunga sheria ya jinai?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nimebishana na shemeji yangu hadi chai ikapoa, sasa nauleta ubishi hapa.

Oktoba 1992, huko Surrey, mji ulio jirani na Vancouver nchini Canada, kijana wa miaka 16 aitwaye Jesse Cadman alishambuliwa njiani usiku na vijana asiowajua. Wakamchoma kisu, akafa. Baba yake, Chuck Cadman, hakuwa mwanasiasa. Alikuwa fundi wa vifaa vya elektroniki, mpiga gitaa wa zamani, mtu wa jinzi, nywele ndefu kazifunga kisogoni. Yeye na mkewe Dona wakaanzisha kikundi cha kudai sheria ya vijana wahalifu ikazwe. Mwaka 1997 akaingia bungeni. Mwaka 2004 akaangushwa kwenye kura za maoni za chama chake, akasimama peke yake bila chama, akawabwaga wote.

Wengi wanamkumbuka kwa siku moja tu, 19 Mei 2005. Serikali ya Waziri Mkuu Paul Martin ilikuwa inaning'inia kwenye kura ya bajeti. Cadman anaumwa saratani ya ngozi, yuko katikati ya matibabu, akapanda ndege kuvuka nchi nzima hadi Ottawa na kusimama upande wa serikali. Kura 152 kwa 152. Spika Peter Milliken akalazimika kuamua, serikali ikapona. Tarehe 9 Julai Cadman akafariki.

Bajeti si hoja yangu. Hoja yangu ni hii: mtu aliyeuliwa mwana, je, anafaa kutunga sheria za kuwashughulikia wauaji? Mimi nasema anafaa, tena wangekuwa wengi. Bungeni wanaohutubia usalama wa raia mara nyingi ni watu wenye mlinzi getini.

Kijiba cha Roho

Napinga, na sipingi kwa ubaya. Mahakama iliwekwa ili mfiwa asishike kisu. Wewe unamrudishia kwa mlango wa bunge.

Chukua mfano wa hukohuko Canada. Pierre-Hugues Boisvenu, binti yake Julie aliuawa mwaka 2002 na mtu aliyekuwa na rekodi ya uhalifu. Akaanzisha chama cha familia za waliouawa na waliopotea, na mwaka 2010 akateuliwa kuwa seneta. Februari 2012 akasema kila muuaji apewe kamba chumbani mwake gerezani, aamue mwenyewe. Kamba! Katika nchi iliyofuta adhabu ya kifo tangu 1976. Baadaye akayafuta maneno yake, lakini tulishasikia moyo unavyosema. Simlaumu kama baba. Namlaumu kama mtunga sheria.

Na hiyo sheria ya vijana ambayo akina Cadman waliilalamikia, ilipobadilishwa Aprili 2003 idadi ya vijana wanaofungwa ikashuka kwa zaidi ya nusu. Uhalifu wa vijana haukufumuka. Uchungu ungesema "fungeni zaidi".

Mzee wa Kijiweni

Hapo kwenye kusimama bila chama nimecheka. Bongo, Cadman angeishia nyumbani kwake. Mgombea binafsi haruhusiwi, hata baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kumpa ushindi marehemu Mchungaji Mtikila, mwanasiasa aliyeipinga marufuku hiyo, mwaka 2013. Endeleeni.

Baharia wa Montréal

Kijiba, umechagua mfano unaokufaa. Mimi nakaa Montréal. Kila tarehe 6 Desemba jioni, juu ya Mlima Royal, huwashwa miale 14 ya taa kuelekea angani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina la mwanamke. Ni wale waliouawa mwaka 1989 kwenye chuo cha uhandisi cha Polytechnique. Nilikwenda mwaka mmoja, baridi ya kukata masikio, na watu mia kadhaa kimya. Nilichokisikia ni viatu kwenye theluji tu.

Darasani siku ile muuaji aliwatenga wanaume na wanawake, akasema anawachukia watetezi wa haki za wanawake. Nathalie Provost akamjibu kwamba wao ni wanafunzi wa uhandisi tu. Akapigwa risasi nne, akapona. Kwa miaka mingi amedai silaha za aina ile zidhibitiwe, akakaa kwenye kamati ya kuishauri serikali kuhusu silaha, na alipoona haisikilizwi akajiuzulu mwaka 2019. Aprili 2025 amechaguliwa kuwa mbunge. Miaka 35 imepita! Hiyo hasira gani inayongoja miaka 35?

Kijiba cha Roho

Na alipoingia serikalini akapewa nini? Mambo ya mazingira asilia. Chama kilimtaka kwa sura yake, kaka. Hilo nalo ni tatizo la kuwapeleka wahanga bungeni: wanageuzwa bango.

Baharia wa Montréal

Hapo umenipata kidogo.

Mleta mada

Kijiba, soma alichofanya Cadman, usisome alichofanyiwa. Kijana aliyemchoma Jesse, kama Cadman alivyokuwa akieleza, alikuwa nje kwa dhamana na alitakiwa awe ndani usiku ule, chini ya uangalizi wa mzazi aliyesaini. Mzazi hakumzuia. Sasa ungetegemea baba wa marehemu adai kitanzi. Yeye alichukua kipengele kimoja: mzazi anayesaini kumsimamia mtoto mahakamani kisha akapuuza kwa makusudi, adhabu iongezwe, hadi miaka miwili jela. Mswada wake binafsi ulizungushwa weee, mwishowe kipengele kikaingizwa kwenye sheria hiyohiyo mpya unayoisifia. Imo humo.

Mambo yake mengine ni ya aina hiyohiyo. Mashindano ya magari mitaani, ambayo yaliwekewa kosa lake la jinai baada ya yeye kufa. Kufuta namba ya chesi, ambako wezi wa magari walikuwa wanapona kwa sababu kitendo chenyewe hakikuwa kosa linalojitegemea. Likaja kuwa kosa mwaka 2010. Huyu alikuwa fundi bwana, anatafuta waya uliokatika.

Mzee wa Kijiweni

Na ile ya kuahidiwa bima ya maisha ili aiangushe serikali?

Mleta mada

Ilisemwa mwaka 2008, chama chake cha zamani kikakanusha, polisi wakachunguza na kusema hakuna ushahidi wa kumshtaki mtu. Ina uzi wake hiyo, mzee wangu, usituvurugie.

Mama Zawadi

Nimesoma kimya tangu juzi. Niko Canada mwaka wa kumi na moja. Naomba mnisikie kwenye hicho kipengele mnachokiita kazi ya fundi.

Kuna dada hapa tunayesali naye, kijana wake alikamatwa na wenzake kwenye gari la wizi. Hakimu akasema atatoka kama mama atasaini. Alisaini, angefanyaje? Ana kazi ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, anaondoka saa tatu usiku kwa basi mbili. Alikuwa anapiga simu kila baada ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Kijana anapokea, anasema niko ndani mama. Mama anamwambia fungua bomba la jikoni nilisikie maji. Kila saa, bomba la jikoni, mpaka alfajiri.

Wanasheria mtaniambia neno ni "makusudi", na yeye hakukusudia. Sawa. Lakini yeye aliyasoma yale maandishi peke yake kwenye kiti cha basi, kwa Kiingereza chake cha kujifunzia hapa, na alichoona pale ni miaka miwili. Baba Jesse namlilia kweli. Ila mlangoni mwa huyu dada alipita lini kuuliza?