Naomba ushauri: nimfundisheje mdogo wangu kitenzi "get"?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, Kiingereza anakipenda, ila "get" inamtoa jasho. Amekariri kuwa maana yake ni kupata, basi. Akikuta "it is getting dark" anaandika "inapata giza", wakati hapo giza linaingia tu.

Nimemgawia mafungu: kupokea kitu (get a letter), kufika (get home), kuingia katika hali fulani (get tired), kufanyiwa jambo (get caught). Hili limemsaidia kweli. Anapokwama ni pale "get" inapofuatwa na kineno kingine: get up ni kuamka, get off ni kushuka kwenye basi, get over ni kupona au kusahau machungu, get along ni kuelewana. Humo sioni kanuni ya kumpa, na orodha ndefu ya kukariri inamkata hamu.

Halafu kwenye filamu za Marekani anasikia "have gotten", kitabuni anakuta "have got". Nimemwambia kwenye mtihani ashike ya Waingereza. Walimu mliomo humu, nimemshauri vyema? Na hivyo vineno mnavifundishaje darasani vikaeleweka?