Mjadala: Meza za pool zirudi mitaani, au waliozipiga marufuku walikuwa sahihi?

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii nikijua wapo watakaonishukia, hasa wazazi.

Kila baada ya muda kiongozi wa mkoa au wilaya anatangaza: marufuku kucheza pool saa za kazi. Wanaomuunga mkono wanasema kijana mwenye nguvu zake hana sababu ya kushika fimbo ya pool saa nne asubuhi wakati mama yake yuko shambani. Naielewa hasira hiyo. Ila mimi nasema tumebomoa kitu kizuri, na pengo lake likazibwa na kitu kibaya kuliko kile tulichokikimbia.

Nianze na nilichokiona. Ngamiani, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha mabati chenye meza moja. Haikuwa kama hizi nyepesi za siku hizi zinazobebwa na watu wawili. Chini ya kile kitambaa cha kijani palikuwa na jiwe, bamba zima la sleti lililosawazishwa. Siku ilipohamishwa kutoka ukuta huu kwenda ule waliitwa vijana sita. Akaja fundi na pimamaji, akawa anakata vipande vya boksi na kuvisukumiza chini ya miguu ya meza, anapima, anatoa, anarudishia, mpaka mpira ukiwekwa katikati ukatulia tuli. Mbao huvimba kwa unyevu wa pwani, jiwe halivimbi. Kwa hiyo mpira ulikwenda pale pale ulikoelekezwa, na ukikosa huna wa kumlaumu.

Unatumbukiza sarafu ya mia mbili, unasukuma chuma, mipira inaporomoka kwa kishindo. Mpira ukishaingia shimoni hautoki tena mpaka ulipe, isipokuwa mweupe. Ule ulikuwa mdogo kidogo kuliko wenzake, hivyo ndani ya meza ulipita njia yake peke yake na kurudi kwa mchezaji. Na foleni? Unaweka sarafu yako ukingoni mwa meza, basi. Hiyo ndiyo nafasi yako, hata ukienda kuswali utaikuta. Sikuwahi kuona sarafu ya mtu ikiguswa pale. Mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenye sarafu inayofuata. Mpakia mizigo wa bandarini, mwalimu wa shule ya msingi na fundi baiskeli walisubiriana kwenye ukingo ule ule, na mwalimu akifungwa alikaa pembeni kama wengine. Sisi wadogo tulisimama nje dirishani. Ukiingia bila ruhusa unatolewa kwa sikio, na anayekutoa si askari, ni mzee yeyote aliyekuwepo.

Leo kwenye kibanda kile pamesimama madubwi mawili, zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu. Vijana wamezikodolea mashine, dunia nzima wameipa mgongo, kila mmoja na sarafu zake, hakuna anayesemeshana. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, na Bodi yake ipo, na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi. Mzee wa kumtoa kwa sikio ndiye hayupo.

Isitoshe, kukimbizana na wanaoitwa wazururaji hatukuanza jana. Waliokuwepo mwaka 1983 wanaikumbuka Nguvu Kazi, watu wakikamatwa mijini ili wapelekwe vijijini kulima. Ukimfukuza mtu mezani hujampa jembe.

Sisemi kila cha kale kilikuwa chema. Kuna watu huko Ulaya na Marekani wanaoililia mipira ya biliadi ya zamani, ile ya pembe za ndovu. Pembe hizo zilitoka bara kwetu, zikapita Tabora mpaka Bagamoyo na Unguja mabegani mwa wapagazi, ili watu wagonge mipira ukumbini. Bahati njema pembe zilipanda bei, na miaka ya 1860 Mmarekani John Wesley Hyatt akahangaika kutafuta mbadala mpaka ikapatikana seluloidi, aina ya plastiki. Hiyo siililii kabisa. Ninachokililia ni ile meza ya jiwe na watu waliokuwa wakiizunguka.

Karibuni tujadili.

*Jibu la kwanza*

Kaka, umeandika kwa uchungu na nimekusoma mpaka mwisho. Lakini wewe ulikuwa dirishani, mimi nilikuwa nyumbani nasubiri. Mume wangu alilipwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo hiyo mshahara uliishia kwenye dau la pool. Hilo dau hukulitaja hata mara moja. Hiyo foleni ya sarafu unayoisifu haikuwa na mwanamke hata mmoja, maana mwanamke akisimama pale jina lake linachafuka. Kama dubwi ni baya, lifungwe nalo. Ubaya wa dubwi hauisafishi pool.

*Jibu la pili*

Mimi nina meza, niko Morogoro. Amri ikitoka nafungua saa kumi jioni, sina ugomvi. Tatizo ni kwamba amri haisemi meza iliyofungwa inalipa vipi kodi ya pango. Wa dubwi alikuja na ofa, mashine anaileta yeye, matengenezo yake, tunagawana. Meza yangu kitambaa kinachanika nanunua mimi, fimbo zinavunjika nanunua mimi. Wenzangu watatu wameuza, na jiwe la mmoja limefanywa meza ya kukatia nyama buchani.

*Mleta mada*

Dada, umenishika pabaya, na sitakujibu kwa kujitetea. Dau lilikuwepo. Nililiona, nikaliacha kwa sababu nilitaka kukumbuka mazuri tu. Pole sana kwa Jumamosi zile.

Hata hivyo pool bila dau inawezekana. Mashindano ya taifa ya Safari Pool yalikusanya klabu kutoka mikoani, watu wakashindania vikombe na zawadi mbele ya waamuzi, na wanawake nao wakacheza. Kwa hiyo nabadilisha hoja yangu kidogo. Meza ifunguliwe saa kumi, dau lipigwe marufuku na mwenye meza ndiye awajibike, na halmashauri imtoze ushuru mdogo kuliko mwenye dubwi. Tena meza ikae mahali pa wazi, penye taa, ambapo binti yako anaweza kuweka sarafu yake ukingoni asinyooshewe kidole.

Na wewe wa Morogoro, hilo jiwe la buchani bado zima? Kama halijapasuka, niulizie bei.