Naombeni ushauri: jina la rubani gani wa vita niandike nyuma ya Coaster yangu?

Mwana wa Nyamhongolo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimevuta Coaster, mkono wa pili, mwezi ujao inaingia njia ya Mwanza–Musoma. Fundi rangi ananidai jina la kuandika nyuma na mimi nampiga kalenda tu. Majina ya wachezaji mpira yamejaa stendi, aya za Biblia na Kurani nazo zimejaa, na maneno ya kuwasema majirani sitaki. Ugonjwa wangu tangu shule ya msingi ni marubani wa ndege za kivita. Marehemu mjomba alikuwa na majarida ya zamani ya ndege, nikayamaliza yote kabla sijajua Kiingereza, kwa kuangalia picha tu.

Nilishaamua niandike HARTMANN. Erich Hartmann, Mjerumani, alitungua ndege 352 katika Vita Kuu ya Pili, na hakuna rubani aliyefika hapo kabla yake wala baada yake. Ninachompendea si hesabu peke yake. Jamaa hakuwa na papara. Aliangalia kwanza, akaamua kama inafaa, akasogea mpaka ndege ya adui ikajaa kwenye kioo chake, ndipo akafyatua, kisha huyo akaondoka. Suka wa barabara ya Bunda akiwa na akili ya namna hiyo hata kwenye kuovateki, hatuziki mtu.

Sasa shemeji yangu anafundisha historia. Kumwambia tu, akaweka kikombe chini: abiria wapande gari lenye jina la mtu aliyempigania Hitler? Nimekosa jibu. Nipeni jina lingine, na sababu. Liwe fupi, konda aweze kuliita bila kung'ata ulimi.

Konda Mstaafu

Andika RICHTHOFEN, yule rubani Mjerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, halafu unialike siku ya kwanza stendi nije nimsikilize konda wako.

Fundi Propela

Mkuu, shemeji yako ana hoja, ila na wewe hukosei kumkubali Hartmann kwa ufundi. Hiyo 352 tu ndiyo inahitaji maelezo. Marubani wa Kijerumani hawakuwa na zamu ya kurudi nyumbani. Waliruka mpaka wafe, wakatwe mguu, au vita iishe. Hartmann aliruka safari za kivita zaidi ya 1,400. Mmarekani akimaliza muda wake anarudishwa kwao kupumzika au kufundisha wengine. Ukilinganisha hesabu zao ni kama kumpima mwenye trip sita kwa siku na mwenye trip moja, halafu useme wa sita ndiye dereva bora. Na vita ilipoisha Hartmann akaangukia mikononi mwa Warusi, akarudi kwao mwaka 1955.

Mjerumani wangu mimi ni mwingine, Franz Stigler. Tarehe 20 Desemba 1943, ndege ya mabomu ya Kimarekani aina ya B-17 ilikuwa inatoka kupiga Bremen, imetobolewa kama chujio. Mpiga rashasha wa mkiani amekufa, wengine wamejeruhiwa, na rubani wake, Charlie Brown, ana miaka 21. Stigler akaifuata kwa nyuma, kidole kikiwa tayari. Akasogea akashangaa mbona hakuna anayempiga. Kupitia matundu ya bati akawaona watu wakihudumia wenzao. Huko nyuma, Afrika Kaskazini, mkubwa wake alikuwa amewaonya vijana wake kwamba akimsikia mtu amempiga adui anayening'inia kwenye parashuti, atampiga risasi yeye mwenyewe. Stigler akaona hawa nao ni kama wako kwenye parashuti. Akaruka nao ubavu kwa ubavu ili mizinga ya pwani isiwafyatulie, akawafikisha baharini, akapiga saluti, akageuza.

Angejulikana angenyongwa au kupigwa risasi, kwa hiyo akafunga mdomo. Brown alikuja kumpata mwaka 1990, mmoja anaishi Marekani na mwingine Kanada. Wakawa kama ndugu, na wote wawili walifariki mwaka mmoja, 2008. Huyo ndiye ningemwandika. STIGLER.

Mwana wa Nyamhongolo

Aisee. Hiyo nimeisoma mara mbili. Ila konda wangu ni Msukuma wa Magu, atasema "Sitigila" na mimi sitamlaumu.

Dada wa Kirumba

Mmetaja wanaume mpaka sasa, kana kwamba angani hakuna mwanamke. Lydia Litvyak, Mrusi, rafiki zake walimwita Lilya. Alipigana juu ya Stalingrad mwaka 1942 akiwa na miaka 21, kwenye ndege ya Yak-1, katika kikosi ambacho karibu wote walikuwa wanaume na mwanzoni hawakumtaka. Tarehe 1 Agosti 1943 alipaa akaingia kwenye mawingu, ndege za Wajerumani zikiwa nyuma yake, hakurudi. Na kwa kuwa mwili haukuonekana, wakubwa wakahofia huenda ametekwa, wakaikalia heshima yake mpaka mwaka 1990. Miaka 47 mtu anahisiwa kwa sababu tu hajazikwa! Mimi kinachoniuma ni hicho kuliko idadi ya ndege alizotungua, maana hiyo wanahistoria bado wanabishana.

LILYA. Herufi tano. Hata mtoto wa chekechea anasoma.

Buda wa Eastlands

Huku Nairobi tunawasalimu. Nyinyi mnahangaika na Stalingrad na mko na mtu wenu. Roald Dahl, yule aliyekuja kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, alikuwa anafanya kazi kampuni ya mafuta hapo Dar es Salaam, na Kiswahili alikijua. Vita ilipoanza mwaka 1939 akapiga gari kutoka Dar mpaka Nairobi, akajiandikisha, na hapa ndipo alijifunzia kuruka. Alikuwa mrefu karibu mita mbili, kichwa kinatokeza juu ya kioo cha ndege, upepo wote usoni. Mwaka 1940 akaanguka jangwani akapasuka fuvu. Mtu mwingine angerudi zake kwao. Yeye Aprili 1941 yuko Ugiriki kwenye ndege ya Hurricane, wao wachache, Wajerumani kama nzige.

Vita hiyo hiyo ya juu ya Athens, tarehe 20 Aprili, ndiyo alikufa Pat Pattle wa Afrika Kusini. Alipaa na homa kali, akatunguliwa akijaribu kumsaidia mwenzake. Wengi wanaamini yeye ndiye aliwapita marubani wote wa upande wa Uingereza, lakini makaratasi yalipotea waliporudi nyuma kutoka Ugiriki, kwa hivyo jina lake halivumi. Chagua DAHL ama PATTLE.

Konda Mstaafu

DAHL nyuma ya Coaster watu watadhani unauza dengu.

Kijana wa Bunda

Kwani Bader, yule rubani Mwingereza, hamumjui? Alipoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya ndege mwaka 1931, jeshi likamstaafisha, vita ilipokuja akarudi akapigana na miguu ya bandia. Mwaka 1941 akatekwa Ufaransa, mguu mmoja ukabaki kwenye ndege, na Wajerumani wakaruhusu Waingereza wamdondoshee mwingine kwa parashuti. Alikuwa na mdomo na kiburi, wenzake wengine hawakumpenda. Lakini moyo ule!

Mzee wa Saanane

Wanangu, nawasoma. Mimi mwaka 1979 nilikuwa hapa Mwanza ndege ya Libya ilipotumwa kutupiga kumsaidia Amin. Ililenga mji ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Tangu siku ile mtu akinitajia rubani wa kivita huwa najiuliza kwanza nani alikuwa chini.

Ndiyo maana nawapenda wale marubani Wamarekani weusi waliofunzwa Tuskegee, jimbo la Alabama. Mkubwa wao, Benjamin Davis, alisoma chuo cha kijeshi cha West Point miaka minne, wenzake wazungu hawasemi naye, anakula peke yake, analala peke yake. Akamaliza mwaka 1936. Vita ilipofika akapewa kikosi, na kazi yao kubwa ikawa kusindikiza ndege za mabomu, kuhakikisha wenzao wanarudi. Wakapaka mikia ya ndege zao nyekundu. Zamani ilisemwa hawakupoteza hata ndege moja waliyoisindikiza. Kumbukumbu zilipopitiwa upya zikaonekana zaidi ya 20 zilitunguliwa, lakini bado pungufu sana kuliko vikosi vingine vya kazi hiyo hiyo. Mwaka 1948 Rais Truman akaagiza ubaguzi jeshini ukome.

Mwenye Coaster naye kazi yake ni kusindikiza watu. Usiandike jina la mtu. Paka nyuma nyekundu, andika MKIA MWEKUNDU.

Buda wa Eastlands

Mzee amemaliza. Hiyo hata huku matatu ingepata wateja.

Kijana wa Bunda

Mzee wangu, shikamoo, lakini MKIA, tena MWEKUNDU, katika nchi hii? Wanasimba watajua ni tusi la Yanga. Kioo cha nyuma hakifiki Magu.

Dada wa Kirumba

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta 😂

Fundi Propela

Rangi nayo usiguse kabla hujauliza LATRA. Wasije wakakusimamisha kwa kitu kidogo.

Mwana wa Nyamhongolo

Marahabaa zimfikie Kijana wa Bunda kwa niaba ya mzee, nami namwamkia mzee: shikamoo. Nimeamua. Nyuma nyekundu, LATRA nitapita Jumatatu, na neno la mkia hatuandiki. Tutaandika DAVIS. Konda amelijaribu leo hapa uani, "Davisi Musoma, Davisi, mbili bado!", limetoka safi. Shemeji ameridhika, na anataka kuandaa karatasi ya kubandika ndani ili abiria wajue Davis ni nani.

Imebaki shida moja. Mimi ni Yanga damu, na wanangu wameniuliza kama ni kweli baba anapaka gari nyekundu. Na fundi anataka kujua ni nyekundu ipi, ya nyanya au ya damu ya mzee. Mwenye picha nzuri ya zile ndege za Mustang za akina Davis aiweke hapa tafadhali.