Mrejesho: Ifakara hadi Lupiro kwa baiskeli

Wadau, nilileta swali hapa: nina baiskeli ya tairi za milimita 40, nataka kutoka Ifakara hadi Lupiro, huku Morogoro, kwa njia za changarawe na za mashambani, je, tairi zitahimili? Wengi mlisema nipunguze upepo, nisubiri kiangazi. Mmoja akasema ninunue pikipiki. Huyo nimemsamehe.

Nimeenda, nimerudi. Upepo nilishusha kutoka psi 60 hadi 38, na kweli mikono haikufa ganzi kwenye vile vimatuta vya barabara vilivyojikunja kama bati. Daraja la Magufuli, mita zake 384, nililivuka alfajiri. Mto Kilombero ulikuwa na ukungu, mitumbwi miwili chini, ubaridi mtamu. Baada ya hapo ni tambarare tupu, mpunga uliovunwa kulia na kushoto.

Kosa langu: niliacha barabara nikapita kando ya mfereji. Juu pamekauka, chini tope jeusi la mbuga. Lilijaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Nikawa nakwangua kwa kijiti, huku mzee mmoja akinipita kwa baiskeli yake ya Phoenix, gunia la mpunga nyuma, hata jasho hana. "Hapo hapapitwi, mwanangu, rudi kwenye tuta."

Shikamoo yangu hata hakuisubiri.

Pancha moja tu, mwiba. Aliyenishauri nibebe tyubu mbili, asante sana, mkuu.